Maneno Yaliyofika na Sahani ya Futari

Wametuachia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari ya mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Bi Thurea, aliyeishi zama za kale katika mji mmoja wa pwani na binti yake wa pekee, Mwanamize, mtoto wa miaka saba. Bi Thurea alianza mapema kumfunza mwanawe adabu za mazungumzo, kwani alihofu, wallahi alihofu, asije akasimamishwa mbele ya Mola wake akaulizwa juu ya ulimi wa mtoto huyu akakosa la kujibu. Basi akamfunza kubisha hodi mara tatu na kurudi asipoitikiwa, kuamkia kabla ya kutaja haja, kutomkata kauli mkubwa, na kusema kweli kila anapoulizwa.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Desturi yao, kama yetu, ilikuwa majirani kupelekeana futari kabla ya adhana ya magharibi, na mpelekaji huwa mtoto. Siku moja Bi Thurea akapakua wali wa nazi, akaufunika kwa kawa, akamkaririsha Mwanamize maneno ya kumwambia jirani yao Bi Kamaria, mjane mtu mzima: mama anakusalimu, anasema upokee hiki kidogo tulichoruzukiwa. Mtoto akayarudia bila kukosea, akaenda.

Akarudi na sahani ileile. Wali haukuguswa hata punje.

Alipoulizwa kulikoni, akaeleza kwamba alibisha hodi, akaamkia, akafikisha salamu zote. Kisha Bi Kamaria akamuuliza kwa mzaha kama mama aliupenda wali aliowaletea jana.

"Nikamwambia kweli, mama. Nikasema, mama alisema wali wa Bi Kamaria unataka mtu awe na meno ya akiba, kwa mawe yaliyomo."

"Akasemaje?"

"Akanishika kichwa, akanirudishia sahani, akafunga mlango."

Nafsi ikamnong'oneza Bi Thurea: nenda useme mtoto katunga, watoto hutunga, nani asiyejua, na jambo litaisha kabla ya adhana. Alikwisha kujitanda ushungi aliposikia Mwanamize akiuliza polepole, "Mama, nimekosa adabu?"

Akasimama palepale. Alijua kwamba akimwita mtoto huyu mwongo mbele ya watu, hatamfunza tena kusema kweli, si Ramadhani hii wala nyingine.

Akamshika mkono, sahani mkono wa pili, wakatoka pamoja. Hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu vilevile. Baada ya ya tatu mgeni hurudi, ndivyo alivyomfunza mwanawe, naye hakutaka kuivunja adabu hiyo mbele yake, basi kabla ya kugeuka akasema akiwa nje, wapita njia wakisikia:

"Bi Kamaria, mtoto hana kosa. Maneno ni yangu, nimeyasema leo asubuhi nikicheka, na saumu yangu mdomoni. Niwie radhi."

Walikuwa wamekwisha kupiga hatua chache mlango ulipofunguka.

"Mawe siyaoni, Thurea," akasema yule mjane. "Tangu Rajabu macho yamefifia, mchele nauchagua kwa vidole. Niliona haya kumwambia mtu."

Wakafuturu watatu kwa sahani ileile iliyorudishwa. Na tangu siku hiyo, kila baada ya swala ya alasiri, Mwanamize alikwenda kuchagua mchele wa Bi Kamaria, ungo mapajani, wakizungumza. Siku moja mjane akamtania, "Haya mjukuu wangu, na leo nikikuuliza kama wali wangu una mawe, utanijibuje?"

Mtoto akafikiri kidogo, vidole bado vimo kwenye ungo.

"Nitakuuliza, bibi, nije nikusaidie saa ngapi?"

Enyi wenzangu wenye watoto wadogo, sisi huwakaririsha salamu mlangoni, kumbe wao wameshasoma jikoni, tulipokuwa tukicheka tukidhani hawasikii. Allah atuhifadhie ndimi zetu kwanza, kisha zao.