Vikao vya Shimoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na vyeo na viti vya kukalia, Nyati alikabidhiwa usimamizi wa kuchimba lambo, lile shimo kubwa la kukingia maji ya mvua. Mwaka wa kwanza halikukamilika. Watoto wakaenda kunywa mtoni, na Mamba akamchukua binti wa Mama Swala. Tangu siku hiyo Nyati hakuthubutu kumtazama yule mama usoni.

Kwa aibu hiyo, mwaka wa pili aliukaza usimamizi. Kila alfajiri aliita kikao.

"Ngiri, umefikia wapi? Nungunungu, nawe je?"

Wakaeleza, wakaulizana, wakasahihishana, hata jua likawa utosini. Jioni akaita kikao kingine: kwa nini kazi haiendi?

Mawingu yakaanza kujikusanya. Nguruu!

Ndipo Nguchiro, mdogo kuliko wachimbaji wote, akaja mbio.

"Shikamoo, Mzee Nyati! Mkaguzi anakuja siku ya saba!"

"Marahaba. Mkaguzi gani tena?"

"Wa malambo, mzee! Ameagiza vikao vifanyike shimoni, na kila neno la msimamizi liende na pigo moja la pembe ardhini."

"Kila neno?"

"Hata 'ahsante', mzee."

Kesho yake Nyati akashuka shimoni. "Ndugu," pu! "wajumbe," pu! "wapendwa," pu! Jasho likamtiririka hadi puani.

"Endelea, mzee," akasema Ngiri. "Hata ajenda hujaifikia!"

Kicheko kikapasuka, kwa-kwa-kwa! Nyati akaona haya.

"Chimbeni!" akanguruma. Pu! Kikao kikafungwa.

Siku ikabaki ndefu mbele yake. Kwa kuwa maneno yalikuwa ghali, alianza kutumia macho. Akamwona Nungunungu akihangaika na mwamba. Akamhamishia penye udongo laini, na mwamba akaung'oa mwenyewe. Akamwona Ngiri amekaa bure akingoja ruhusa. Akampa, kwa neno moja.

Siku ya saba lambo likakamilika. Mvua ikamwagika, chwaaa! Maji yakajaa. Mkaguzi hakuonekana.

"Yuko wapi?" akauliza Nyati.

Nguchiro akarudi nyuma hadi mdomoni mwa tundu lake. "Hayupo, mzee. Nilimtunga. Uniwie radhi."

Nyati akainamisha pembe kwa ghadhabu, akakwaruza ardhi, kwaru! Lakini Mama Swala alikuwa akipita mbele yake na mwanawe aliyesalia.

"Kunywa, baba," alimwambia mtoto. Kisha akaugeukia ule uso uliokuwa ukimkwepa mwaka mzima, akasema bila kupaza sauti, "Siku saba, Bwana Nyati. Kumbe ilikuwa kazi ya siku saba tu."

Ghadhabu ikamtoka Nyati. Akabaki ameinama mvuani mbele ya wote.

Wanangu, aliyekabidhiwa kazi ya watu amekabidhiwa pia siku zao. Asizile kwa maneno.