Ziara ya Sultani Shambe Aliyezuru Bila Kuondoka Kitini

Hapo zamani, enzi ambazo sultani akipiga chafya mji mzima ulisimamisha kazi kumwombea afya, palikuwa na mji ukiitwa Shangwi, na mwenye kuutawala alikuwa Sultani Shambe. Huyu Shambe hakuwa mkatili sana, wala hakuwa mwema sana, alikuwa mvivu. Akitaka kutoka kitandani kwenda jamvini kula, hubebwa. Akitaka kugeukia upande wa pili, huita mtu. Na kwa kuwa makelele ya ndoo yalimkatiza usingizi wa asubuhi, alijenga ukuta akakizungushia kisima cha maji matamu, kisima cha watu wote tangu enzi za mababu, kikawa ndani ya bustani yake. Ikawa watu wa Shangwi wanakwenda bwawani kuteka maji ya chumvi, na kila mtu ananung'unika, lakini ananung'unikia tumboni.

Katika mji huo alikaa maskini mmoja, jina lake Mselemu. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na mke aitwaye Mwanesha, na kanzu moja ambayo ikifuliwa yeye hukaa ndani mpaka ikauke. Wengine walimwita punguani, wengine walimwita mwerevu, na wale waliowahi kubishana naye hawakumwita kitu, walimpisha njia tu.

Basi siku moja akaja mgeni, Sultani Badawi wa Mtondoo, mji wa jirani, naye amevaa kilemba cha kijani. Kilemba hicho hakivaliwi ila na mtu aliyezuru mahali pawili patukufu pa nchi ile: kwanza magofu ya Mirimbo, uliko msikiti wa kale usio na paa, na pili Kilima cha Toba, alikozikwa walii mmoja wa zamani. Sultani Badawi akala, akanywa, akaanza kuhadithia. Alihadithia magofu kwenye wali, akahadithia kilima kwenye halua, na kahawa ilipoletwa akarudi tena kwenye magofu. Watu wote wakawa wanakitazama kilemba cha kijani, wala hapana aliyemtazama Sultani Shambe.

Mgeni alipokwenda zake, akiahidi kurudi siku ya Maulidi, Sultani Shambe akashikwa na wivu hata halua ikamshinda. Akawaita wanazuoni akawaambia, "Nami nataka kilemba cha kijani. Nataka niwe nimezuru Mirimbo na Kilima cha Toba."

Wakasema, "Hilo ni jambo jema, bwana wetu. Utaondoka lini?"

"Nani kasema nitaondoka?" akauliza Sultani. "Nataka niwe nimezuru, nami nisitoke kwenye kiti hiki."

Wanazuoni wakatazamana, wakakohoa, mmoja akakumbuka kuwa ana mgonjwa nyumbani. Hapo Waziri Sudi, ambaye alimchukia Mselemu kwa sababu Mselemu aliwahi kumshinda maneno mbele ya watu sokoni, akasogea, akasema, "Bwana wangu, yuko mtu mmoja hapa mjini hujigamba kuwa hashindwi na jambo. Mpe kazi hii Mselemu. Akiweza, umezuru. Asipoweza, tutapumzika na kelele zake."

Mselemu akaletwa, na kanzu yake ikiwa bado mbichi.

"Ewe Mselemu," Sultani akamwambia, "nataka nizuru Mirimbo na Kilima cha Toba pasi na kuondoka hapa. Ziara iwe yangu kweli, si ya kupigiwa hadithi. Ikifika Maulidi haijatimia, kichwa chako kitatundikwa langoni."

Mselemu akajisikia shingo inawasha. Akainama, akafikiri, akainuka akasema, "Labeka, bwana wangu. Jambo lenyewe ni jepesi, ila nahitaji vitu vichache: joho lako, viatu vyako, punda wako mweupe, na neno moja utakalolisema hapa barazani watu wakisikia."

"Neno gani?"

"Useme: tangu leo mpaka Mselemu atakaporudi, Mselemu ni mimi. Anapokanyaga nimekanyaga mimi, anachokula nimekula mimi, na kila neno litakalotoka kinywani mwake limetoka kinywani mwangu."

Sultani akaona neno hilo halina uzito, wala halimtoi kitini. Akalisema kwa sauti kubwa, baraza zima likashuhudia, na Waziri Sudi akacheka ndani ya kikombe chake cha kahawa.

Mselemu akaenda kumuaga mkewe. Mwanesha alipomwona ndani ya joho lile, ambalo lingewatosha watu wawili na mtoto, akaangusha mtungi wa maji ya bwawani.

"Mume wangu, wamekupa nguo za kuzikia?"

"Wamenipa usultani, mke wangu, mpaka Maulidi."

"Na baada ya Maulidi?"

"Hapo ndipo sijapajua," akasema Mselemu, akapanda punda.

Njiani alipata taabu asiyoitarajia. Kila alipotaka kushuka kunywa maji alikumbuka kuwa Sultani hashuki mwenyewe, basi ikambidi aite wapita njia wamshushe, na akisha kunywa wampandishe. Mwanzo aliona haya. Halafu akazoea. Kufika Mirimbo, alikuwa ameanza kuwaambia watu wamgeuze upande wa pili.

Mirimbo aliona mambo ya ajabu. Kuta za matumbawe zilisimama bila paa, mibuyu midogo imeota ndani ya nyumba za wakwasi wa zamani, na katika kibla cha msikiti ule zilipachikwa sahani za kaure zenye maua ya buluu, nyingine zimevunjika, nyingine zinang'aa kana kwamba zimeoshwa jana. Mselemu akaswali, akakaa kitako akizitazama zile sahani, akajisemea, "Wenye kula ndani ya vyombo kama hivi nao walikuwa na watu wa kuwabeba." Akashika njia ya kilima.

Kilima cha Toba alikuta umati, wake kwa waume, wamekuja kutoka kila upande. Mlinzi wa mahali pale alikuwa mzee mmoja mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, Sharifu Idarusi. Akamkaribisha kwa heshima zote kwa kuliona joho.

"Karibu, bwana wetu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Sultani Shambe wa Shangwi," akajibu Mselemu, maana ndivyo alivyoamriwa.

"Tumefurahi. Basi panda juu ya lile jiwe utubu."

"Nitubu moyoni?"

"Moyoni unaweza kutubu hata nyumbani kwako," akasema Sharifu Idarusi. "Hapa desturi yetu ni kutubu kwa sauti, watu wakisikia. Asiyetubu kwa sauti hajazuru, hata akilala hapa mwaka mzima. Wala kilemba hatumpi."

Mselemu akapandishwa juu ya jiwe. Akawaza, "Nisipotubu, ziara haikutimia, kichwa changu ki langoni. Nikitubu dhambi za Mselemu, aliyezuru atakuwa Mselemu, na kichwa changu ki langoni vilevile. Njia ni moja tu." Basi akakohoa, akapaza sauti:

"Enyi waungwana! Mimi Sultani Shambe ni mtu mvivu! Barazani nikiinamisha kichwa mkadhani natafakari kesi, nimelala!"

Umati ukasogea karibu na jiwe. Hawajapata kusikia sultani akisema maneno hayo.

"Nikicheza bao," akaendelea Mselemu, "naficha kete chini ya paja, na Waziri wangu anaziona naye hujifanya anatazama dari! Mwezi wa Ramadhani hulamba asali nyuma ya pazia, nikashikwa nasema nalikuwa natazama kama imechacha! Nilimnyang'anya Bi Zena, mjane wa watu, mbuzi wake wa maziwa, nikadai ametafuna mkeka wangu. Na mkeka nalitoboa mwenyewe kwa kuulalia!"

Hapo mwanamke mmoja akaanza kulia, na mwanamume mmoja akaanza kucheka, na wote wawili wakashindwa kuacha.

"Na kubwa kuliko yote," akasema Mselemu, na sasa sauti yake mwenyewe ilitetemeka, kwa maana alimkumbuka Mwanesha na mtungi wake, "nimekizungushia ukuta kisima cha watu, wanangu wakanywa chumvi ili mimi nipate kulala. Natubu! Nikirudi nyumbani, mbuzi atarudi kwake na ukuta utabomolewa. Mola na nyinyi mnishuhudie!"

Umati ukapiga takbiri hata punda akataka kukimbia. Watu wakamshusha, wakamkumbatia, wakamlilia begani. Sharifu Idarusi akasema kuwa tangu azaliwe hajasikia toba tamu kama ile, akamfunga Mselemu kilemba cha kijani kwa mikono yake.

Sasa habari ina miguu mirefu kuliko punda. Kabla Mselemu hajafika nusu ya njia, Shangwi nzima ilikwisha kusikia kuwa Sultani wao ametubu. Nao hawakushangazwa na dhambi, zote walizijua. Walishangazwa na toba. Habari ilipomfikia Sultani Shambe mwenyewe, alisimama. Watumishi wakapiga kelele kwa hofu, wakidhani ameshikwa na shetani.

Siku ya Maulidi baraza likajaa. Sultani Badawi wa Mtondoo alikuwapo, na nje ya lango umati ulikuwa umesongamana, Bi Zena akiwa mbele. Mselemu akaingia na joho lake likifagia sakafu.

"Mnafiki wewe!" Sultani akanguruma. "Umenivua nguo mbele ya nchi nzima! Mkateni kichwa!"

"Naam, akatwe," akasema Waziri Sudi, ambaye lile neno la dari lilimchoma.

Mselemu akainama. "Bwana wangu, amri yako ni amri. Ila ulisema mbele ya baraza hili kuwa kila neno litakalotoka kinywani mwangu limetoka kinywani mwako. Mimi sikusema kitu, nilikuwa sipo. Ukitaka kumkata kichwa aliyesema, sitathubutu kukuonyesha shingo yenyewe, maana ni utovu wa adabu kumnyooshea Sultani kidole."

Sultani akajishika shingo.

"Na kama si wewe uliyesema kule," akaongeza Mselemu kwa upole, "basi si wewe uliyezuru, na kilemba hiki itabidi nikirudishe." Akakitoa kilemba cha kijani ndani ya joho, akakiinua juu.

Sultani Shambe akakitazama kilemba. Akautazama umati langoni. Ndipo Sultani Badawi akainuka kwenye mto wake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndugu yangu Shambe," akasema, "wacha nikuambie kweli. Mimi nilipopanda lile jiwe nilitubu kuwa niliwahi kuchelewa swala mara moja, nikashuka haraka. Na dhambi nilizozificha juu ya lile jiwe ningekuhesabia mpaka alfajiri. Sikujua kuwa yuko sultani mwenye moyo wa kusema kama ulivyosema wewe." Akavua kilemba chake mwenyewe, akakiweka miguuni pa Shambe.

Hilo halikuwa limemtokea Sultani Shambe maishani mwake, kuonwa na mwenzake kuwa ni mtu wa maana. Akasema polepole, "Naam. Ni mimi niliyesema." Kisha kwa sauti zaidi, "Ni mimi! Kabomoeni ule ukuta! Na Bi Zena apewe mbuzi wake."

"Na asali?" akauliza mtu mmoja huko nyuma.

"Asali niachieni kwanza," akasema Sultani, na baraza zima likaangua kicheko, na yeye Sultani akacheka kuliko wote, akicheka akijipiga mapaja, hata kete mbili za bao zikadondoka sakafuni, watu wakazidi kucheka.

Jioni ile ile ukuta ulianguka, na Mwanesha alikuwa wa kwanza kutumbukiza ndoo. Makelele yakawa makubwa kama zamani. Mselemu akapewa punda mweupe na lile joho, ambalo Mwanesha alilikata akapata kanzu tatu na pazia.

Lakini kabla baraza halijavunjika, Sultani Shambe alimgeukia Waziri wake, akamwambia, "Nawe, Sudi, umri umekwenda, hujazuru. Magoti yako hayaifai safari hiyo. Nimeona nikufanyie wema: nitamtuma Mselemu akazuru kwa niaba yako."

Mselemu akainama. "Kwa furaha, bwana wangu. Mambo ya Waziri nayajua vizuri sana."

Waziri Sudi akageuka rangi. "La, bwana wangu! Magoti yangu mazima kabisa!" Akaondoka mbio barazani, akalipita lango, akashika njia ya Mirimbo bila kwenda nyumbani kuaga, na kiatu kimoja kilibaki kwenye ngazi. Nyuma yake akatoka kadhi, kisha mwenye ghala, kisha wafanyabiashara wakubwa wote wa Shangwi, kila mmoja akisema amekumbuka kuwa ana nia ya zamani ya kuzuru kwa miguu yake mwenyewe.

Basi ikawa mwaka ule Kilima cha Toba kilijaa watu wa Shangwi hata pa kukanyaga hapakupatikana, na Sharifu Idarusi aliyesikiliza yote yale masikio yakamuuma, akaomba likizo.