Fisi na Majina Yake ya Pilau

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na kompyuta moja ya kijiji (umeme ulitoka wapi, msiniulize mimi), Bi Pimbi alikuwa na hasira. Sikukuu iliyopita, pilau iliisha kabla wanawe hawajafikiwa. Walilala njaa, wakinusa harufu tu. Sasa sikukuu nyingine ilikuwa imefika, na pilau ilikuwa imeshaiva.

Kosa lilikuwa kwenye jedwali la wageni. Kila jina lilipewa sahani moja, na jedwali lilikuwa chafu, limejaa majina yaliyorudiwa.

"Nina programu ya kulisafisha," Bi Pimbi alimwambia mwenyekiti, Mzee Tembo. "Ni ya bure. Tena ni huria, yeyote anaweza kuifungua akaona inavyofanya kazi."

"Ya bure!" Bwana Fisi aliangua kicheko, kwa-kwa-kwaa! "Mzee, yangu bei yake mbuzi mzima, na imefungwa kwa kufuli. Ndani hapachunguliwi!"

Tembo, kama wakubwa wengi, aliamini kuwa ghali ndiyo nzuri. Akamtoa mbuzi wa kijiji. Programu ya Fisi ikalia tiii! "Jedwali safi kabisa! Hongera, mwenyekiti!"

Tembo akapunga masikio kwa furaha. Bi Pimbi alimwona Fisi anajilamba midomo, roho ikamuuma. Halafu akatabasamu.

"Hongera, Mzee. Kwa kuwa jedwali ni safi, tulitumie na kwa zamu ya kuosha vyombo. Kila jina, sahani moja ya pilau na sufuria moja la kusugua."

"Haki kabisa!" wanyama wakaitikia.

Fisi akaacha kujilamba. Akalitazama lundo la masufuria, meusi ti, ukoko umeganda. Jasho likamtoka. Akamnyatia Bi Pimbi.

"Psst! Dada Pimbi... ile programu yako ya bure, bado ipo?"

"Ipo, kaka. Ila haina siri. Kila inachofuta, inakitangaza."

"Itangaze tu, dada, mradi ifute!"

Bi Pimbi akabonyeza, ta! Kompyuta ikapaza sauti mbele ya kijiji kizima: "Bwana Fisi, amebaki. Fisi wa Mtoni, pango lilelile, simu ileile, amefutwa! Profesa Fisi, pango lilelile, simu ileile, amefutwa! Bibi Harusi Fisi..."

"Lo! Bibi harusi?" Tembo alicheka hadi mkonga ukajifunga fundo. "Umeolewa lini, Bwana wewe?"

Kijiji kikagaagaa chini kwa kicheko. Fisi akamrudisha mbuzi, akala sahani yake moja, akasugua sufuria lake moja. Watoto wa Pimbi walikula mpaka wakashindwa kusimama, na ukoko wakaufunga wakaenda nao nyumbani.

Basi, wanangu, anayekuuzia chombo na kukukataza kukifungua, muulize kwanza anaficha nini.