Shimo la Kwanza Juu ya Bomba

Tajiri Mtopwa alikitamani kiwanja cha Bi Somoe kilichokuwa kando ya barabara, akamfuata mbele ya majirani.

"Bi Somoe, tubadilishane. Ukajenge kwenye kiwanja changu, kule lilikopita bomba la gesi. Kikubwa, tena kimeshafyekwa."

"Penye zile nguzo za njano za hatari?"

"Mapambo tu yale! Kama nakudanganya, kichukue bure na chako ubaki nacho."

"Jirani zangu, mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

"Basi nimekubali. Ila kwa desturi ya ukoo wetu, shimo la kwanza la msingi hulichimba aliyetoa ardhi, kwa mkono wake mwenyewe."

Kesho yake Bi Somoe alimkabidhi sururu katikati ya nguzo mbili. Mtopwa aliinyanyua, jasho likamtoka, akaishusha polepole kama anayelaza mtoto.

"Piga, Bwana Mtopwa. Si mapambo tu?"

"Mwanamke wewe, unataka nilipuke?"

Majirani waliangua kicheko. Kwa ahadi yake mwenyewe Mtopwa akaondoka bila kiwanja chake wala cha Bi Somoe, na Bi Somoe akaamua kupanda mchicha pale penye nguzo.

Njiani mamake alimuuliza, "Desturi hiyo mbona mimi siijui?"

"Utaijuaje, mama? Imezaliwa jana."