Nuru Zote, na Hasira ya Bibi Vimala

Wamesimulia wapokezi wa habari za waja wema kwamba katika kisiwa cha Sarandibu, miongoni mwa wafuasi wa Budha, aliishi mjane aitwaye Bibi Vimala, mpenda ibada, mkarimu kwa watawa, na mwenye ulimi usiojua kupumzika. Mwanawe wa pekee alifariki akamwachia mkazamwana, Uttara, na mjukuu mchanga. Bibi Vimala akawa haishi kumsema Uttara: wali umeiva mno, mkeka umetandikwa upande, mtoto amefunikwa kupita kiasi. Akiambiwa apunguze hasira, hujibu kwamba yeye hana hasira hata chembe, ila watu ndio wanaomuudhi. Mwishowe Uttara akambeba mtoto akarudi kwa wazazi wake, akasema atarejea siku mama mkwe wake atakapojifunza kutulia.

Basi siku ya mwezi mpevu Bibi Vimala akavaa nguo nyeupe, kama ilivyo ada ya waumini wale, akaenda kwenye nyumba ya watawa kujifunza kutafakari pamoja na majirani. Mtawa Revata, mwalimu wao, akawapa agizo jepesi: wakae kimya, waifuate pumzi ikiingia na kutoka, moyo ukitoroka, wajue kwamba umetoroka, kisha waurudishe taratibu.

Agizo jepesi, lakini lilimshinda. Kuliani kwake muuza mafuta alikoroma. Kushotoni mke wa mfinyanzi alimeza mate kwa kishindo, na asipomeza, alijikuna. Bibi Vimala akaifuata pumzi moja, akaipoteza, akabaki kuyafuata makoo ya wenzake. Aliwachoka majirani, akalichoka goti lake, akamchoka hata mtawa aliyeketi mbele ametulia utadhani hana masikio.

Baada ya kikao, kila mmoja hueleza mbele ya wenzake alichokikuta nafsini mwake. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile, na ni desturi njema, ila watu wale waliigeuza mashindano bila kujitambua. Muuza mafuta, ambaye kifua chake kilikuwa bado kimelowa udenda, akasema ameona nuru kama ya kandili. Mke wa mfinyanzi akaona nuru kama ya mwezi. Aliyefuata alinyanyuka kidogo kutoka mkekani, kwa madai yake. Mtawa Revata akajifuta uso kwa viganja, maana kila mwezi alisikia hayohayo.

Zamu ilipomkaribia, Bibi Vimala akageuka, akamwona Uttara ameketi nyuma kabisa, mtoto mapajani. Amekuja kusikia kama mama mkwe wake ametulia. Akisema ametulia, mjukuu atalala nyumbani jioni ileile, na nani wa kumkanusha? Akisema kweli, amejihukumu mwenyewe. Ulimi ukaanza kuandaa nuru, tena kubwa kuliko zote.

Lakini asubuhi ile wote walikuwa wameweka ahadi ya kutosema uongo, kama wafanyavyo kabla ya kutafakari. Uongo wa wenzake ulikuwa umemkera mno, na sasa akaukuta kinywani mwake mwenyewe. Hilo likamkera zaidi.

"Mwalimu mwema," akasema, "mimi sikuona nuru. Niliona hasira. Nilidhani inatoka kwa huyu anayekoroma. Aliponyamaza, nikalikasirikia goti langu. Kumbe hasira ni yangu. Nadhani hata nyumbani ilikuwa yangu."

Watu wakainamisha vichwa. Mtawa Revata akashusha pumzi ndefu.

"Siku zote nawaomba mniletee kilichomo," akasema, "nanyi mnaniletea taa. Mama, wewe leo umetafakari."

Uttara akainuka, akaja akamweka mtoto mapajani mwa bibi yake, akamwambia warudi nyumbani.

"Bado sijatulia, mwanangu," akasema Bibi Vimala.

"Najua, Mama. Miaka yote nimeambiwa hasira hiyo ni kosa langu. Leo umeipokea mwenyewe."

Wasimulizi hawakudai kwamba ulimi wake ulipoa siku ile. Wanasema tu kwamba tangu hapo, akikasirika, alisema amekasirika, na hakumtafuta wa kumbebesha. Nasi, ndugu zangu, tunatoka ibadani tukiwaonyesha watu nuru zetu, na huko nyumbani yuko mtu anayesubiri tukiri neno moja tu: kwamba hasira ni yetu.