Mtungi wa Bi Lubaba

Wamepokezana wazee wetu, sikio kwa sikio, kwamba zamani katika mji mmoja wa ukingoni mwa jangwa aliishi mjane mcha Mungu, Bi Lubaba, Mola amrehemu. Mumewe, Shuaibu, alikuwa mchota maji, na alipokuwa akikata roho hakuusia nyumba wala ngamia. Alisema tu, "Lubaba, mpita njia asione kiu mlangoni petu."

Bi Lubaba akaweka mtungi mkubwa nje ya mlango wake, jirani na msikiti, na kata ya kibuyu juu yake. Kila alfajiri aliujaza kwa mikono yake mwenyewe, akinong'ona, "Thawabu zake ni za Shuaibu." Wasafiri wakanywa, waumini wakatawadha. Haikuwahi kuonekana katika mji ule maji ya mtu mmoja yakawa ya watu wote, na wapo walionuna. Wa kwanza alikuwa Dhakwani mfinyanzi, yeye aliyeufinyanga mtungi ule. "Cha wote hakina mwenyewe," alisema. "Siku maji yakiharibika, mtungi uondoke." Wazee wa msikiti wakalikubali sharti hilo.

Basi siku moja, baada ya swala ya adhuhuri, Bi Lubaba alitumbukiza kata, ikatoka na panya mfu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku ile kata ilimwambia yeye peke yake.

Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa tupu. Angeweza kuyamwaga maji na kuusugua mtungi, na panya hana wa kumsemea. Lakini watu walikuwa wametawadha kwa najisi, wakasimama mbele ya Mola wao bila kujua. Akisema, mtungi ungeondolewa, na hidaya pekee aliyoweza kumpelekea Shuaibu kaburini ingekatika. Akaukumbatia mtungi ule, akalia sana, maskini.

Ilipoadhiniwa alasiri alisimama mlangoni pa msikiti, kajifunika shuka yake. "Enyi waja wa Mungu," alisema, "waliotawadha kwa maji yangu adhuhuri warudie swala zao. Nimekuta panya ndani. Nisameheni."

"Si nilisema!" Dhakwani akapaza sauti.

Imamu, Sheikh Muammari, alimtazama kwa upole. "Mama, hakuna aliyekuona. Mbona hukunyamaza?"

"Maji yale ni hidaya kwa mume wangu," alijibu. "Nitampelekeaje hidaya niliyoifunga kwa uongo?"

Imamu alifuta machozi, akawaongoza watu kurudia adhuhuri yao. Lakini sharti ni sharti, na mtungi ukaondolewa. Siku tatu Bi Lubaba alipita mahali pale patupu akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti inayokatika, akasubiri.

Siku ya nne Dhakwani alibisha hodi, kabeba mtungi mpya uliojaa maji, jasho likimtiririka. Mdomo wa mtungi ulikuwa mwembamba, una kifuniko kinachobana, na chini ubavuni una tundu lenye kizibo cha mti.

"Dada yangu," alisema, macho chini, "ule wa kwanza niliufinyanga mimi. Kwa uvivu wangu niliuacha mdomo wazi, bila kifuniko. Ulipolisema kosa lako mbele ya watu, langu likaninyima raha. Huu hauhitaji kata, na wazee wamekubali uwekwe. Vuta kizibo."

Bi Lubaba akavuta. Maji yakachuruzika, safi, yakamjaa viganjani.

"Shuaibu," akasema huku akilia na kucheka, "yamerudi."

Ndivyo mji ule ulivyopata bomba lake la kwanza la watu wote. Ndugu zangu, sisi siku hizi tunafungua bomba, tunakunywa, tunafunga, hata bismillahi tunaisahau. Kesho ukipata maji ya njiani, kabla hujayameza muombee rehema mwanamke yule, aliyesema kweli katika njia tupu. Watu hawakumuona, lakini Mwenye kumuona alikuwepo.