Dua ya Mzee Mhando Redioni

Mzazi hatabiri, huombea.

Mmeyasikia maneno hayo leo mezani, mjomba wenu aliposema bintiye ataanguka mtihani wa udereva, shangazi akamkata kauli. Mkacheka, mkaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga wa zamani sana, wajukuu zangu. Yametoka hapa hapa ughaibuni, na yalipozaliwa nilikuwepo. Basi acheni simu zenu kidogo, mimi siwasimulii watu walioinamisha vichwa.

Miaka hiyo Waswahili wa mji huu tulikuwa na redio yetu ndogo, studio yake chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Mimi nilikuwa nikisoma matangazo ya harusi na ya vifo. Baada yangu aliingia Mzee Mhando, mtu wa Handeni, na kipindi chake cha kila Alhamisi. Kazi yake ilikuwa kutabiri matokeo ya wiki nzima ya ule mpira wa Wamarekani, wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Majina ya timu aliyageuza yote kwa Kiswahili, ndiyo maana hata bibi zenu wasiojua Kiingereza walikuwa wakibishana kuhusu Mafahali na Mbweha huku wakisonga ugali. Hakukuwa na kamari, ulikuwa ubishi tu wa kupitisha baridi.

Alivyotabiri ni jambo la kushangaza kidogo. Alhamisi baada ya chakula cha mchana alivuta kiti karibu na dirisha, akatazama theluji inavyoanguka hadi macho yakalegea. Katika usingizi ule mwepesi, alisema, timu zilikuwa zikimpitia mbele mbili mbili, polepole, bila kelele. Iliyoinua vichwa ndiyo itakayoshinda. Akiamka anakwenda studio kusema alichokiona. Mimi sikuamini, lakini nilikuwa nasikiliza, na mara nyingi alipata.

Sasa, Mzee Mhando alikuwa na mtoto mmoja, Idrisa. Huyo alikulia hapa akicheza kandanda letu la kawaida, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu za ajabu. Timu ya Korongo, ya mji wa mbali, ikamwajiri kwa kazi moja tu: kuupiga ule mpira upite katikati ya milingoti miwili. Siku alipoajiriwa tulipika pilau mtaa mzima. Baba yake alitembea wiki ile kama aliyeongezewa urefu.

Lakini msimu wa pili mambo yakamwendea kombo. Idrisa akakosa mara moja, akakosa tena, na kwenye televisheni wachambuzi wakawa wanacheka wakisema mguu wake umekufa. Ikajulikana kwamba akiendelea kukosa ataachishwa. Mama yake, Bi Mwanahawa, alipunguza kula.

Alhamisi moja Mzee Mhando alisinzia dirishani kama kawaida yake. Timu zikapita zote. Mwisho akaona uwanja mtupu uliojaa ukungu, na Idrisa amesimama peke yake. Mtoto akapiga. Mpira ukapanda taratibu, ukaelea kushoto, nje ya milingoti, ukaendelea kwenda tu mpaka ukungu ukaumeza. Idrisa akabaki anautazama.

Alipoingia studio nilimwona uso umembadilika. Nikamuuliza, "Kaka, hujambo?" Akasema hajambo, akakaa mbele ya maikrofoni. Akazitaja timu moja baada ya nyingine, Mafahali watashinda, Mbweha watafungwa, hadi akafika kwa Korongo. Hapo akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo.

"Korongo watafungwa," akasema. "Na watafungwa kwa mguu wa mwanangu. Mpira ataupeleka kushoto, nje."

Alipotoka nikamwambia, "Hilo ungeliacha." Akanijibu, "Mtabiri akianza kupendelea, amekwisha." Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kunaniuma hadi leo.

Jumapili tulikusanyika ukumbini kutazama. Michezo ilikwenda kama alivyosema, yote, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumtokea. Ukabaki wa Korongo. Walikuwa nyuma kidogo tu, pigo moja lingewapa ushindi, na saa ikawa inaisha, Idrisa akaitwa apige. Theluji ilikuwa ikianguka uwanjani, na kwa mbali alionekana mdogo sana. Akapiga. Mpira ukapanda, ukaelea kushoto, ukapita nje.

Mnajua watu walifanya nini? Walipiga makofi. Walimshika Mzee Mhando mikono, wengine wakamwita sheikh wa mpira. Naye akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, likapotea upesi, lakini Bi Mwanahawa aliliona. Akachukua koti lake, nami nikamfuata nyumbani kwao nimshike mkono.

Mzee alitukuta jikoni. Alikuwa amempigia Idrisa simu njia nzima bila kupokelewa.

"Hatapokea," mkewe akamwambia. "Kila Alhamisi anakusikiliza kwenye simu yake. Kiswahili chake cha wiki nzima ni hicho kipindi chako."

Mzee hakuwa akijua. Akavuta kiti akakaa. "Kwani nimesema uongo, Mama Idrisa?"

"Hukusema uongo."

"Basi kosa langu liko wapi?"

"Kwenu Handeni, ukiota ndoto mbaya ya mtoto, unafanyaje?"

"Natema mate kushoto. Naomba Mungu aikinge. Nageukia ubavu wa pili, nalala."

"Unamwambia nani?"

"Ndoto mbaya haisimuliwi."

"Na wewe umeisimulia redioni." Hakupandisha sauti. "Baba Idrisa, watabiri wamejaa kwenye televisheni, na wote walishamtabiria mabaya. Baba alikuwa naye mmoja tu. Wiki hii akageuza shingo kumtafuta, akamkuta amekaa na wale wanaomcheka."

Mzee akafunika uso. Maji yakimwagika hayazoleki, na simu ya Idrisa haikupokelewa Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano.

Alhamisi nilimkuta studio kabla yangu. Akatabiri michezo yote kwa sauti ya kawaida, kisha akafika kwa Korongo.

"Huu sitautabiri," akasema. "Nimesinzia, nimeona, na nilichokiona ni changu na Mola wangu. Idrisa, sijui kama unanisikia. Wiki iliyopita nilikuwa mtabiri. Leo nakuombea tu, mwanangu."

Akainua mikono, humo ndani ambamo hamkuwa na wa kumwona isipokuwa mimi, akaomba dua. Aliomba kwa Kizigua cha kwao Handeni, kisha kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, bila mpangilio. Nikainua mikono yangu pia. Baadaye nilisikia kwamba kwenye saluni wasusi waliacha kusuka, na jikoni mwa watu vijiko viliwekwa chini, wakaitikia amin.

Najua mnangoja niwaambie kwamba Idrisa alishinda. Hakushinda. Alipiga, akakosa tena, na kabla wiki haijaisha Korongo wakamwachisha kazi. Wako waliosema dua ya Mzee imegonga mwamba.

Jioni moja nilikuwa kwao nimepeleka mandazi, mlango ukagongwa. Mzee akaenda kufungua. Idrisa alikuwa amesimama na begi lake, theluji mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee hakujua la kufanya na mikono yake. "Nisamehe, mwanangu. Na dua yenyewe haikukusaidia."

Idrisa akaweka begi chini. "Baba, wiki ile ya kwanza, niliposimama kupiga, nilikuwa nakusikia ukisema nitakosa. Sikuona hata pa kurudi. Hii ya pili nimekosa vilevile, lakini nilikuwa nakusikia ukiniombea. Mpira ulipotoka nje, nikajua pa kwenda."

Mzee Mhando akamkumbatia, akalia mbele yetu bila kujificha. Bi Mwanahawa hakulia. Alikuwa ameshageukia sufuria, anampakulia mtoto wali. Akaweka sahani mezani, akamtazama mumewe, akasema kwa upole maneno ambayo mji mzima uliyachukua:

"Mzazi hatabiri, huombea."